Agosti 27 Isiwe Likizo

Mwaka 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba Agosti 27 itakuwa Siku ya Katiba kila mwaka, ila watu waende kazini kama kawaida. Wapo walionung'unika. Inakuwaje siku ya sheria kuu ya nchi inyimwe mapumziko, ilhali miti imetengewa Oktoba 10?

Tuanzie hapo hapo Oktoba 10. Kifungu cha 9 cha katiba kinataja sikukuu tatu tu za kitaifa: Madaraka, Mashujaa na Jamhuri. Siku ya Moi, jina la zamani la Oktoba 10, haimo. Hata hivyo, mwaka 2017 Jaji George Odunga aliamua kwamba ingali halali kwa kuwa sheria ya sikukuu haikuwa imebadilishwa. Ikarudi, ikabatizwa Utamaduni, sasa ni Mazingira. Tarehe haijasogea, maana ndiyo inayohamahama, na Mkenya wa kawaida anachojua ni kwamba benki zimefungwa na nauli ya kwenda ushago imepanda.

Sitaki Siku ya Katiba ifike huko. Mapambo yalikuwepo tangu mwanzo. Rais Mwai Kibaki alipotia saini katiba Uhuru Park, Agosti 27, 2010, baada ya takriban asilimia 67 ya wapiga kura kuiunga mkono, miongoni mwa wageni waheshimiwa alikuwepo Omar al-Bashir wa Sudan, aliyekuwa akisakwa na ICC. Kenya ni mwanachama wa mahakama hiyo, na katiba yenyewe inasema mikataba tuliyoidhinisha ni sehemu ya sheria zetu. Ilianza kupuuzwa siku ile ile, mizinga ikilia.

Imetufaa, sikatai. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliitumia kubatilisha uchaguzi wa rais. Lakini kanuni kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili Bungeni haikutimizwa hata baada ya Jaji Mkuu David Maraga, mwaka 2020, kumshauri rais alivunje Bunge. Wabunge wakabaki vitini mwao. Na kifungu cha 37, kinachompa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani, hakikuwakinga vijana na risasi za polisi Juni 25, 2024, walipopinga Mswada wa Fedha.

Gwaride halitibu hayo. Kifungu cha 132 kinamtaka rais, mara moja kila mwaka, alieleze taifa hatua zilizochukuliwa kutimiza maadili ya kifungu cha 10: utu, usawa, uwazi, uwajibikaji na mengineyo. Hakitaji tarehe. Leo hotuba hiyo husomwa Bungeni, ikapigiwa makofi, siku ikapita.

Basi isomwe Agosti 27, ofisi zikiwa wazi na wanaotakiwa kujibu wakiwa kazini. Magavana nao wafanye vivyo hivyo katika kaunti zao 47, kwa Kiswahili, mahali mwananchi anapoweza kusimama akauliza. Nitaambiwa wanasiasa wataigeuza mkutano wa kampeni. Watajaribu, bila shaka. Lakini hotuba ambayo tarehe yake inajulikana mwaka mzima humkuta msikilizaji amejiandaa: wanahabari, Chama cha Mawakili, na hao vijana waliojifunza katiba kifungu baada ya kifungu kwenye simu zao. Swali la kwanza la kumuuliza rais lina zaidi ya miaka kumi likingoja jibu: ile thuluthi mbili, ni lini?