Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima kuhusu gari la kwanza la kijana

Kwa Kamishna wa Bima,
Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA),
Dodoma.

Ndugu Kamishna,

Barua hii inahusu mkataba ambao kijana wa Kitanzania huingia siku anapokata bima ya gari lake la kwanza, mara nyingi bila kutambua kwamba ameingia mkataba wowote, kwa kuwa anachoondoka nacho ni stika na risiti ya malipo. Stika hiyo huthibitisha kwamba sharti la Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, limetimizwa, lakini haimwelezi mwenye gari ni nani anayelindwa, dhidi ya hasara gani, na kwa masharti yapi. Ombi linalotolewa hapa ni kwamba Mamlaka iwatake wote wanaouza bima za magari wamweleze mnunuzi mambo hayo kwa Kiswahili, kwa maandishi, kabla hajatoa fedha zake.

Anayenunua gari kwa mara ya kwanza huwa makini sana katika kila hatua isipokuwa hii. Anayeagiza kutoka Japani hujifunza mapema kwamba kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, ambao hauligusi gari lisilozidi cc 1000 lakini huanzia asilimia 5 kwa lililovuka kiwango hicho, na kwamba gari kuukuu huongezewa ushuru mwingine kwa ajili ya uchakavu, hata bei yake ya kununulia iwe ndogo kiasi gani. Ndiyo sababu Passo na Vitz za injini ndogo zimekuwa gari la kwanza la watu wengi, zikifuatwa na IST ya cc 1300. Asiyemudu kuagiza hutafuta lililokwisha kutumika nchini, akipima umri wake sokoni kwa herufi za usajili, kama ni namba C au namba D, na humwita fundi asikilize injini na kukagua kama bodi imewahi kunyooshwa. Baada ya wiki nyingi za uangalifu wa namna hiyo, bima hukatwa kwa dakika chache na kwa swali moja tu, yaani ipi ni nafuu.

Si haki kumlaumu kijana peke yake kwa haraka hiyo. Tangu mwaka 2017, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa na mzigo wake kuhamishiwa kwenye mafuta, bima imebaki kuwa malipo makubwa ya kila mwaka ambayo sheria inamdai mwenye gari, kwa hiyo imechukua nafasi ya kodi katika fikra zake. Hulipwa ili trafiki asimsimamishe, na mtu anayelipa kodi haulizi amenunua nini.

Lugha ya mitaani imeongeza utata huo. Bima ya lazima, ambayo jina lake rasmi ni bima ya mtu wa tatu, huitwa bima ndogo, na ile inayojumuisha pia uharibifu wa gari la mwenye bima huitwa bima kubwa. Majina haya hujenga picha ya kitu kimoja chenye vipimo viwili, kana kwamba aliyekata ndogo atalipwa kidogo na aliyekata kubwa atalipwa zaidi. Ukweli ni kwamba hivi ni vitu viwili tofauti. Katika mkataba wa bima, mtu wa kwanza ni aliyekata bima, wa pili ni kampuni iliyompokea, na wa tatu ni yeyote mwingine anayeweza kudhurika kwa matumizi ya gari lile barabarani, awe mtembea kwa miguu, mwendesha bodaboda au abiria wa gari jingine. Bima ndogo ipo kwa ajili ya huyo wa tatu, na kwa hilo ni sheria njema inayostahili kutetewa, kwa sababu majeruhi hapaswi kutegemea mfuko wa aliyemgonga. Lakini kijana atakayeacha njia na kugonga mti karibu na Chalinze hatalipwa hata shilingi moja kwa ajili ya gari lake, na wengi hulifahamu hilo wakiwa tayari wamesimama kando ya gari lililobomoka, huku deni la ununuzi wake likiwa halijaisha.

Tofauti ya gharama inaeleza kwa nini uchaguzi huwa mgumu. Kwa gari dogo la binafsi, bima ndogo imekuwa ikikatwa kwa shilingi 118,000 kwa mwaka, yaani 100,000 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani. Ichukuliwe kwamba gari lina thamani ya shilingi milioni 14. Kwa kiwango kilichozoeleka cha asilimia 3.5, bima kubwa itagharimu 490,000, na baada ya kodi itafika 578,200. Pengo la shilingi 460,200 ni zito kwa anayeanza kazi, na anayeamua kutolilipa anaweza kuwa na sababu nzuri, ilimradi ameamua akijua. Kati ya hizo mbili ipo bima ya mtu wa tatu inayoongezewa moto na wizi, ambayo ingemfaa mtu anayelaza gari nje ya uzio usiku kucha, lakini haina hata jina la mitaani, na kitu kisicho na jina hakiombwi dirishani.

Hata anayemudu bima kubwa anahitaji kuelezwa. Anayetaja thamani ya milioni 9 kwa gari la milioni 14 ili apunguze ada hujipunguzia pia fidia, na anayeikuza hadi milioni 20 hulipia hewa, kwa kuwa msingi wa bima ni kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara na si kumtajirisha. Yapo pia makato ya mwenye bima, yaani sehemu ya kwanza ya kila hasara ambayo hubebwa na mwenye gari mwenyewe, na katika baadhi ya mikataba sehemu hiyo huwa kubwa zaidi dereva akiwa kijana au leseni yake ikiwa bado changa. Kifungu kinachomhusu kijana moja kwa moja hakipaswi kukutwa ndani ya hati ndefu ya Kiingereza siku ya madai, hasa katika nchi ambayo mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama zake.

Hali mbili zinastahili kutajwa kwa uzito wa pekee. Ya kwanza ni gari linalouzwa likiwa na stika hai ya mwenye gari wa zamani, huku kadi ikiwa haijabadilishwa jina. Mfumo wa Mamlaka wa kuhakiki stika, TIRA-MIS, utaonyesha kwamba stika ni halali na trafiki ataridhika, lakini mkataba ulikuwa wa muuzaji, ambaye baada ya kuuza hana tena maslahi katika gari hilo, na mnunuzi anaweza kujikuta hana mkataba na mtu yeyote. Ya pili ni kijana aliyekata bima ya gari la binafsi, kisha akaliingiza kwenye teksi mtandao jioni ili lijilipie. Kubeba abiria kwa malipo ni matumizi ya biashara, na kampuni ina msingi wa kukataa madai yake, au kumlipa majeruhi kisha kumdai yeye arudishe.

Ipo pia hoja ya kumbukumbu za dereva. Bima ndogo humtoza sawa anayeanza na mzoefu, tofauti na Uingereza ambako umri mdogo hupandisha ada kwa kiasi kikubwa, na usawa huo ni nafuu ya kweli kwa kijana. Hata hivyo, anayemaliza miaka mitatu bila ajali hana cha kuonyesha anapohamia bima kubwa katika kampuni nyingine. Mamlaka, ambayo tayari ina taarifa za stika zote, ingeweza kuifungamanisha historia ya madai na leseni ya dereva, ili punguzo la kutokuwa na madai limfuate mtu popote anapokwenda.

Maelezo yanayoombwa yanatosha katika ukurasa mmoja, usiozidi upande mmoja wa karatasi. Utaje aina tatu za bima na kinacholipwa katika kila moja, matumizi yanayoruhusiwa, makato kwa tarakimu, wajibu wa kukata bima upya gari linapouzwa, na namna ya kumfikia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima endapo madai yatakataliwa. Mnunuzi autie sahihi kabla ya stika kutolewa, na nakala yake ikae ndani ya gari pamoja na kadi.