SABASABA NI YA NANI?

Kila uanzapo mwezi wa Julai, mabasi yatokayo Kinondoni, Magomeni na Manzese kwenda upande wa Temeke hujaa watu wenye safari moja. Makonda hupaza sauti, "Sabasaba! Sabasaba!", nao abiria hupanda, wake kwa waume, watoto wamevalishwa nguo za sikukuu, kwenda kutazama sufuria, magodoro, vyerehani na matrekta katika Uwanja wa Mwalimu Julius Nyerere, Barabara ya Kilwa. Maonyesho ya mwaka 2025 yalikuwa ya 49. Sisi hatuna ugomvi nayo, maana nchi isiyouza bidhaa zake hukaa ikinunua za wengine. Lakini mwulize kijana aliye katika mstari wa tiketi maana ya saba ya kwanza na ya pili. Wengi watakujibu kwamba ni jina la uwanja.

Kwa hiyo twapenda leo kuzungumza na wanachama na wafanyakazi juu ya tarehe hii, kwa kuwa katika kalenda ya Afrika Mashariki ni siku chache zilizotwikwa mizigo mingi kama 7 Julai, na mizigo yenyewe haikutoka ghala moja.

Mzigo wa kwanza ulitwikwa siku ya Jumatano, 7 Julai 1954. Watu 17 walikutana katika ofisi ya TAA, barabara iliyoitwa New Street ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, wakakiweka kando chama cha zamani na kukizaa TANU. Yafaa tuwatazame watu hao kwa karibu, maana tumezoea kumtaja mmoja na kuwaacha 16 gizani. Alikuwako Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu, ambaye mwaka uliofuata aliacha kazi yake ya kufundisha. Alikuwako John Rupia, mfanyabiashara. Walikuwako ndugu wawili wa tumbo moja, Abdulwahid na Ally Sykes, na rafiki yao Dossa Aziz. Alikuwako Saadani Abdu Kandoro, mshairi. Alikuwako Kirilo Japhet wa Meru, ambaye mwaka 1952 alisafiri mpaka Umoja wa Mataifa kuwalilia wenzake walionyang'anywa ardhi. Waislamu kwa Wakristo, watu wa pwani kwa watu wa bara, wenye mali na wenye mshahara mdogo. Atakaye kuona walivyoishi watu wa wakati ule na aende Magomeni, hapo hapo Kinondoni, akaitazame nyumba aliyokaa Mwalimu, ambayo sasa ni makumbusho. Ni nyumba ya kawaida kabisa.

Serikali ya Mwingereza haikukifurahia chama hicho. Katika nchi ya Usukuma matawi yake yalinyimwa kuandikishwa kwa miaka kadhaa. Mwaka 1957 Nyerere mwenyewe alipigwa marufuku kuhutubia hadharani. Msomaji na alishike neno hili, maana tutalirudia: watu wa Sabasaba ya kwanza walikuwa watu waliotaka ruhusa ya kukutana na wenzao, nayo mara nyingi wakanyimwa.

Baada ya uhuru Sabasaba ikawa sikukuu ya taifa, ikaitwa siku ya wakulima, nayo ikanoga kwa gwaride na ngoma. Miaka ya 1990 wakulima wakahamishiwa Nanenane, na Sabasaba ikabaki mikononi mwa wafanyabiashara. Linganisha na 5 Februari. Tarehe hiyo Afro-Shirazi ilizaliwa mwaka 1957. Tarehe hiyo Azimio la Arusha, lililokwisha kupitishwa mwishoni mwa Januari, lilitangazwa mwaka 1967. Na tarehe hiyo mwaka 1977 TANU na Afro-Shirazi viliungana kuwa Chama cha Mapinduzi. Hapo hapana bahati nasibu. Watu walikaa wakaichagua siku ili jambo jipya lisimame juu ya bega la jambo la zamani, kama walivyofanya walipoitangaza Jamhuri 9 Desemba 1962, mwaka mmoja kamili baada ya uhuru.

Maana tarehe peke yake haina akili. Tarehe 7 Julai 2005 mabomu yalilipuka katika treni na basi mjini London, wakafa watu 52 waliokuwa wakienda kazini kwao, na tukio hilo halihusiani kwa lolote na Mtaa wa Lumumba. Atafutaye uchawi katika tarakimu ataupata kila siku ya mwaka. Lakini watu wakiichagua siku kwa makusudi, hapo huwa wamejitwika deni la wale waliowatangulia.

Hivyo ndivyo UNESCO ilivyofanya Novemba 2021, ilipoipitisha 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Iliichagua kwa sababu TANU ilikifanya Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru. Lugha ya makuli wa bandarini na wakata mkonge ikapewa siku yake Paris. Hali kadhalika, mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Novemba 1999, ulianza kutumika 7 Julai 2000.

Sasa tuje kwenye mzigo ambao kurasa kama hizi hupenda kuupita mbali. Mwaka 1990 Kenya ilikuwa na chama kimoja kwa mujibu wa katiba yake. Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliokuwa mawaziri zamani, waliita mkutano wa hadhara katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, siku ya Jumamosi, 7 Julai, kudai vyama vingi. Serikali ikakataa kutoa ruhusa. Siku tatu kabla ya mkutano, Matiba na Rubia wakatiwa kizuizini. Watu walikwenda vile vile, wakakutana na virungu na risasi. Wako waliouawa, na wengi walikamatwa. Desemba 1991 kifungu cha chama kimoja kikafutwa. Tangu hapo Sabasaba ya Nairobi si ya magodoro. Tarehe 7 Julai 2025 polisi walifunga barabara ziingiazo mjini, na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya huko ikahesabu waliouawa zaidi ya 30.

Wako miongoni mwetu wasemao kwamba Sabasaba ya Kenya ni jina lililoazimwa bila idhini, tena limeazimwa kwenda kukipinga kitu ambacho TANU yenyewe ilikuwa tangu 1965, yaani chama pekee. Ni kweli kwamba nasi tulikaa na chama kimoja mpaka mwaka 1992. Lakini hoja hiyo haisimami. Tarehe haikatiwi hati kama kiwanja. Ikiwa watu wa New Street walikuwa na haki ya kukutana bila kumridhisha gavana, mtu wa Kamukunji alikosa nini? Twaona kwamba aliyenyimwa ruhusa ya mkutano mwaka 1990 yu karibu zaidi na wale 17 kuliko sisi tunaokata tiketi Barabara ya Kilwa kwenda kununua kikaangio. Na chama chochote kirithicho tarehe hii hakina budi kulikumbuka hilo kila kikaapo mezani kuamua nani akutane na nani asikutane.

Kwa hiyo twatoa shauri, nalo si la gharama. Penye lango kuu la maonyesho pawekwe ubao, kwa Kiswahili, wenye majina yote 17 na tarehe ile ya 1954, ili mtoto ashukaye basini amwulize baba yake. Na chini ya majina hayo iandikwe: Kamukunji, 1990. Twajua wako watakaokasirika. Wafanyabiashara wa Kenya huja Temeke na mabanda yao. Watausoma ubao huo bila kuhitaji mkalimani.