Kiongozi wa Vijana Ugenini

Njia itokayo Moshi kwenda mashariki hupita Himo, kisha huteremka mpaka Holili, penye mpaka wa Tanzania na Kenya. Ng'ambo yake ni Taveta. Siku hizi magari ya mizigo husimama hapo yakingoja kukaguliwa. Zamani ilipita katika pande hizo misafara ya watu wa pwani, wenye nguo na shanga, waliokuwa wakitafuta pembe. Mwaka wa 1848 alikuja huku mmisionari Johannes Rebmann. Hakuijua njia, wala hakuzijua desturi za wafalme wa mlimani. Aliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyekwisha kusafiri mara nyingi. Rebmann alikuwa na elimu ya kwao, lakini katika njia ile mwalimu alikuwa Bwana Kheri, naye Rebmann alikuwa mwanafunzi.

Katika habari za wageni waliokuja Kilimanjaro baada yake, jambo hilo laonekana tena na tena: mgeni hufaulu kwa kadiri anavyokubali kufundishwa. Neno hili lamhusu kila msafiri, lakini lamlemea zaidi mtu aliyewekwa kuwa kiongozi wa vijana wamisionari katika nchi isiyo yao. Huyo ana mizigo miwili. Wa kwanza ni ugeni wake mwenyewe: chakula kipya, lugha mpya, homa, na upweke. Wa pili ni ugeni wa vijana wake, ambao humtazama yeye kila asubuhi ili wajue kama inafaa kuogopa au kucheka, kukasirika au kuvumilia.

Watu wengi hudhani kwamba kiongozi wa namna hiyo hana budi kujua yote, na kwamba asipojua yampasa kuficha, ili vijana wasimdharau. Mawazo hayo si sawa. Kiongozi afichaye ujinga wake huwafundisha vijana kuficha wa kwao. Na watu kumi wanaoficha ujinga katika nchi ya watu ni hatari kubwa kuliko kumi wanaouliza. Kuuliza si ujinga. Kijana akimwona mkuu wake ameketi chini ya mgomba pamoja na mzee wa kijiji, akiuliza jina la jani na kulikosea, na watoto wakimcheka naye asikasirike, amepata somo ambalo halipatikani katika kitabu.

Habari za Misheni ya Leipzig ni mfano mzuri. Mwaka wa 1893 misheni hiyo ilituma watu kuja Uchagani. Vijana walikuwa wanne: Emil Müller, Gerhard Althaus, Robert Fassmann na Albin Böhme. Aliyewaongoza aliitwa Päsler, mtu mzima aliyekuwa amefanya kazi Uhindi. Fikiri hali ya kiongozi huyo. Alijua maisha ya ugenini, lakini ugeni wa Uhindi si ugeni wa Machame. Aliweza kuwafundisha vijana kuvumilia, lakini hakuweza kuwafundisha Kichagga, kwa maana hakukijua. Hapo kiongozi na waongozwa walikuwa darasa moja. Wakaanza Machame mwaka ule ule, wakaenda Mamba mwaka wa 1894, na Moshi mwaka wa 1896.

Tena hawakuja katika nchi tulivu. Wamisionari wa Kiingereza wa CMS walikuwa wamekaa Moshi tangu mwaka wa 1885, wakati wa Mangi Rindi, aliyeitwa pia Mandara. Mwaka wa 1892 Mangi Meli, mwana wa Rindi, alipigana na Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi. Waingereza wakashukiwa na serikali ya Kidachi, wakaondoka Moshi, na mmoja wao, Steggall, akaanza kazi mpya huko Taveta. Mwaka uliofuata Wadachi walirudi kwa nguvu wakamshinda Meli. Vijana wa Leipzig walifika baada ya vita hiyo, nao walikuwa watu wa kabila moja na wakuu wa askari walioshinda. Hawakuwa na bunduki ya serikali mabegani, lakini nani angeweza kuwatofautisha?

Swali hilo lilijibiwa kwa damu. Mwaka wa 1896 vijana wawili wengine wa misheni hiyo, Karl Segebrock na Ewald Ovir, walikwenda Meru ili waanze kituo cha kwanza. Wote wawili walikuwa hawajatimiza miaka ishirini na mitano. Walipiga kambi mahali paitwapo Akeri. Wakati huo huo Kapteni Johannes, mkuu wa boma la Moshi, alikuwa na kambi ya askari wake si mbali na hapo. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba mashujaa wa Kimeru na Kiarusha walishambulia, wakawaua vijana wale wawili na baadhi ya Wachagga waliofuatana nao. Kisha askari wa serikali walilipiza kisasi. Nyumba zilichomwa moto, migomba ikakatwa, ng'ombe kwa maelfu wakachukuliwa, na watu wengi sana wakafa. Misheni haikurudi kukaa Meru mpaka mwaka wa 1902, huko Nkoaranga.

Si haki kuwalaumu vijana wale, waliokuja bila nia mbaya. Wala si haki kuwaita wenyeji watu wakali tu, maana waliona mahema ya wageni na mahema ya askari karibu karibu, nao walikuwa wakiilinda nchi yao. Lakini ni haki kujifunza. Kiongozi wa vijana ugenini asitosheke kuuliza, "Je, nia yetu ni njema?" Imempasa kuuliza pia, "Wenyeji wanatuona tumekuja pamoja na nani?" Nia hukaa moyoni, haionekani. Kambi huonekana. Kiongozi asiyeuliza swali la pili aweza kuwatia vijana wake mautini, na baada yao kuwatia wenyeji katika msiba mkubwa zaidi.

Basi kiongozi afanye nini? Kwanza ajifunze lugha, wala asitosheke na mkalimani. Mkalimani hupeleka maneno, lakini hawezi kupeleka heshima. Johannes Raum, aliyefanya kazi Moshi, aliisikiliza lugha ya watu wa mahali pale kwa miaka mingi, na mwaka wa 1909 kikatolewa kitabu chake cha sarufi ya Kichagga. Kitabu kama hicho hakiandikwi na mtu anayesema tu. Huandikwa na mtu anayenyamaza na kusikia.

Pili ajifunze mambo madogo ya adabu, kwa kuwa ugenini madogo ndiyo makubwa. Mchagga huheshimu sana jani la isale. Hulipanda mipakani mwa kihamba. Na mtu aliyekosa akimletea mwenzake isale, anaomba msamaha, na ni vigumu sana kumkatalia. Kijana mgeni aweza kulikata jani hilo kama kichaka tu, akashangaa kwa nini wenye shamba wamenuna. Vivyo hivyo mwenyeji akimpa mgeni pombe katika kibuyu huonja yeye kwanza, ili kuonyesha kwamba ni salama. Asiyejua atadhani amepunjwa, kumbe amelindwa. Na mzee akimtemea mtu mate kidogo kwa kumbariki, asiyejua atadhani ametukanwa, naye amepewa jambo la thamani. Kazi ya kiongozi ni kuwaambia vijana neno moja kabla hawajakasirika: "Ngojeni, tuulize kwanza maana yake."

Tatu ajue namna ya kumtunza kijana aliyeshindwa. Kila kundi ugenini lina mmoja ambaye moyo wake huvunjika, akatamani kurudi kwao. Habari hii ni ya kale sana. Yohana Marko alisafiri pamoja na Paulo na Barnaba, lakini walipofika Perge katika Pamfilia aliwaacha akarudi Yerusalemu. Baadaye Barnaba alitaka kumchukua tena. Paulo akakataa, na wale wakuu wawili wakatengana kwa ajili yake. Barnaba akaenda naye Kipro. Miaka mingi ikapita, naye Paulo mwenyewe, akiwa kifungoni, akaagiza aletewe Marko kwa kuwa anamfaa. Laiti Barnaba asingalimpa kijana yule nafasi ya pili, Paulo asingalipata msaidizi huyo wakati wa shida. Kiongozi anayewapenda wenye nguvu tu si kiongozi wa vijana. Ni mkuu wa gwaride.

Wako wasemao kwamba mambo haya yakizidi, mjumbe atapotewa na ujumbe wake. Husema, "Akikaa mno na wazee na kuzichunguza mila zao, atasahau alichotumwa kusema." Hofu hiyo si ya bure, lakini Bruno Gutmann hujibu sehemu yake. Alifika Uchagani mwaka wa 1902, akiwa na umri wa miaka 26, akafanya kazi Moshi ya Kale kwa muda mrefu, mpaka alipoondoka mwaka wa 1938. Aliandika kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga, kilichotolewa mwaka wa 1926, na vitabu vitatu vya mafundisho ya wazee kwa vijana wao. Alitambua kwamba Mchagga amefungwa na wenzake kwa kamba tatu, yaani ukoo, ujirani na rika, akaona kwamba kanisa lijengwe juu ya hizo, lisizikate. Hakuupoteza ujumbe wake; Agano Jipya alilifasiri katika lugha ya Moshi.

Hata hivyo Gutmann hafai kusifiwa bila kiasi. Alizipenda desturi za zamani hata akautilia shaka mji, na fedha, na elimu ya Kizungu, wakati ambapo vijana wengi wa Kichagga walizitaka shule kubwa na kuanza kulima kahawa. Mgeni aweza kukosa kwa kuzidharau mila za watu. Aweza kukosa pia kwa kutaka wenyeji wasibadilike kamwe. Mila ni mali ya wenyewe. Mgeni azijue na kuziheshimu, lakini shauri la kushika lipi na kuacha lipi ni la wenye nchi. Hilo lilionekana hasa mwaka wa 1920, Wadachi walipolazimishwa kuondoka baada ya vita kuu. Walimu wa Kichagga waliwachunga Wakristo wenzao, na kanisa halikufa.

Wala mtu asifikiri kwamba ugeni ni jambo la Wazungu peke yao. Apolo Kivebulaya, Mganda, alikwenda Boga katika Kongo mwaka wa 1896, mwaka ule ule wa msiba wa Meru. Alikuwa Mwafrika kati ya Waafrika, na hata hivyo alikuwa mgeni kabisa. Lugha ilikuwa nyingine na chakula kingine, na Mfalme Tabaro hakumtaka. Alipigwa na kufungwa. Hakuacha. Baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa. Katika uzee wake Apolo aliingia msituni kuwafundisha Wambuti, akajifunza lugha yao, akawalea vijana walioendesha kazi hiyo baada yake. Alipokufa mwaka wa 1933 alizikwa Boga kama alivyoagiza, kichwa kikielekea magharibi kwenye msitu, kinyume cha desturi ya kwao, ili ionekane kwamba kazi iendelee mbele. Kwa mtu kama huyo vijana hawakuhitaji hotuba nyingi, walitazama tu.

Siku hizi njia imekuwa ya kwenda na kurudi. Misheni ya Leipzig huwaleta vijana wa Ujerumani wakae Tanzania kwa muda, nao vijana wa Tanzania huenda Ujerumani. Mtoto anayesoma leo chini ya mlima aweza kesho kuwa ndiye kiongozi, amesimama katika mji wenye theluji na vijana kumi nyuma yake, wote wakisikia baridi na hamu ya ndizi za kwao. Hapo atakumbuka namna wageni walivyokuja kwao, mema yao na makosa yao. Mwenyeji naye ana wajibu wake. Mgeni akikosea, asimcheke tu wala asimchukie upesi, bali amweleze. Maana yeye ndiye Bwana Kheri wa mgeni huyo.

Kiongozi mwema wa vijana ugenini, basi, hatambulikani kwa sauti yake. Watazame vijana wake baada ya mwaka mmoja. Wakiwa wanasema lugha ya mahali, wakiitwa kwa majina na watoto wa kijiji, na yule dhaifu kati yao bado yuko pamoja nao, kiongozi huyo amefanya kazi yake. Wakiwa wamekaa peke yao nyuma ya ukuta, wakiwasema vibaya watu waliowapokea, hata majengo yao yakiwa mazuri namna gani, hajaanza.