Mashine ya kukimbilia nyumbani: pima saa zako kabla ya kupima bei

Chukua mfano wa nyumba moja ya watumishi pale Chemba. Kikoba kimevunjwa na mama amerudi na milioni moja na laki mbili. Ni mwalimu wa shule ya msingi, ana miaka 36, na mtoto wake wa mwisho ana mwaka mmoja na miezi miwili. Kabla ya ujauzito huo alikuwa akikimbia mara nne kwa wiki. Sasa anataka kurudi, na shabaha yake ni kumaliza kilomita 21 za NBC Dodoma Marathon.

Simu yake imejaa matangazo. Mashine ya kukimbilia, inakunjwa, inaingia chini ya kitanda, laki tisa na nusu, mzigo unafikishwa mikoani.

"Baba watoto, nimepata dawa," anamwambia mumewe.

Mume anaitazama picha, kisha anatazama dirishani. "Mama watoto, nchi yote hii ni uwanja. Laki tisa na nusu ili ukimbilie sebuleni?"

Swali lake lina haki. Mkoa wa Dodoma ndiko alikozaliwa Juma Ikangaa, aliyeshinda New York City Marathon mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Kwa jirani, Singida, ndiko anakotoka Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni wa mwaka 2025 kule Tokyo. Uwanda wa kati umetoa wakimbiaji, na barabara za vumbi za Chemba hazidai kiingilio.

Lakini mume amesahau jambo moja, na mke analisema bila kupandisha sauti.

"Saa kumi na moja alfajiri, mtoto anabaki na nani?"

Mume ni afisa ugani upande wa Kwa Mtoro. Huondoka Jumatatu, hurudi Ijumaa jioni. Kabla ya jua kuchomoza nje bado ni giza, malori yanapita kwa kasi kwenye lami ya kwenda Kondoa na Babati, mbwa wako mitaani, na vijiji vilivyo karibu na Pori la Akiba la Swagaswaga vinawajua tembo kwa karibu kuliko vingependa. Mama akirudi kutoka kazini, jua linachoma na mtoto anataka mgongo. Anachokitafuta kwenye lile tangazo ni saa moja ya kwake, na ndiyo maana bei ya laki tisa na nusu imeonekana nafuu.

Kwa mzazi wa namna hii mashine si anasa. Mwaka 2000 mama wa watoto wawili, Christine Clark, daktari wa Anchorage kule Alaska, alishinda mbio za Marekani za kuchagua mwakilishi wa marathoni ya Olimpiki kwa saa 2:33:31, na sehemu kubwa ya mazoezi yake ya majira ya baridi aliyafanya nyumbani juu ya mashine. Yeye alifungiwa ndani na theluji. Mama wa Chemba anafungiwa na giza na mtoto. (Kwa wanaoichukia mashine hii, wana sababu ya kihistoria: mwaka 1818 fundi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu la kukanyagwa na wafungwa kama adhabu.)

Tatizo lipo kwenye mashine yenyewe ya laki tisa na nusu. Picha inaonyesha mtu anakimbia, lakini vipimo vinasema ni ya kutembelea.

Anza na mkanda. Mtu akitembea, hatua yake ni fupi. Akikimbia, mguu mmoja unabaki nyuma sana huku mwingine ukitua mbele. Mashine ndogo za chini ya kitanda huwa na mkanda wa karibu sentimita 100 hadi 110 kwa urefu na 40 kwa upana. Mtu mzima anayekimbia anahitaji angalau 130, mrefu anahitaji 140 au zaidi, na upana unaokaribia 50. Mkanda ukiwa mfupi, mkimbiaji huanza kukata hatua bila kujijua, mabega yanapanda, na ndama za miguu zinauma kwa sababu ambayo hataielewa.

Kisha kasi. Anayetaka kumaliza kilomita 21 kwa saa mbili na robo lazima aende karibu kilomita 9.4 kwa saa, na siku za mazoezi makali atahitaji kufika 12 au 13. Mashine nyingi za kutembelea huishia 6. Hata iliyoandikwa 12 si ya kuaminiwa sana ikiwa kikomo chake ndicho mahitaji yako: mota itakuwa inafanya kazi ya mwisho wa uwezo wake kila wiki. Tafuta inayofika 14 au 16, ili 10 yako iwe kazi nyepesi kwake.

Mota ndiko wauzaji wanakocheza zaidi. Boksi litaandika nguvu za farasi 3.5, na mnunuzi anafurahi. Mara nyingi hiyo ni nguvu ya kilele, inayofikiwa kwa muda mfupi tu, wakati anayekimbia dakika 45 anahitaji nguvu ya kudumu. Kwa mbio, 2.5 ya kudumu ni kiwango cha heshima. Njia ya kumbana muuzaji ni kuomba picha ya kibati kilichobandikwa kwenye mashine, sio boksi. Nguvu moja ya farasi ni wati 746. Kibati kikisema wati 750, hiyo ni farasi mmoja tu, boksi liseme litakalo.

Kibati hichohicho kitaje volti 220 hadi 240. Mashine zilizotumika zinazotoka Marekani huwa za volti 110 hadi 120, na kuichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa TANESCO ni kuiunguza siku ya kwanza.

Uzito nao unasema. Mashine ambayo kijana mmoja anaibeba kwapani kutoka kwenye basi itatikisika mtu wa kilo 75 akianza kukimbia. Inayostahimili mbio kwa kawaida huwa na kilo 60 na kuendelea.

Sasa hesabu ambayo tangazo haliigusi kabisa: LUKU. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Akihamishiwa kundi la kawaida, kila uniti ni shilingi 292. Mashine ya kukimbilia inaweza kula karibu nusu uniti hadi uniti moja kwa saa, kutegemea uzito wa mtu na kasi. Mara nne kwa wiki, dakika 45 kila mara, ni kama saa 13 kwa mwezi, yaani takriban uniti 7 hadi 13. Zenyewe ni kidogo. Lakini nyumba yenye friji na pasi iliyokuwa inatumia uniti 70 sasa inavuka 75, na ikizoea kuvuka, zote 80 zinahesabiwa kwa bei ya juu: kutoka shilingi 7,000 hadi zaidi ya 23,000 kabla ya kodi. Asome matumizi yake ya miezi mitatu iliyopita kabla ya kulipia chochote.

Umeme ukikatika mtu akiwa juu, mkanda unasimama bila kuaga. Mkimbiaji mgeni asikimbie mbali na vishikio. Na ukirudi kwa kishindo, kibao cha ndani ndicho kinachoungua, kwa hiyo kifaa cha kulinda umeme, kama kile cha friji lakini chenye uwezo wa wati za mashine, kiwemo kwenye bajeti. Vumbi la kiangazi la Chemba nalo huingia chini ya mkanda na kuusaga. Ufutwe kila wiki, upakwe mafuta ya silikoni kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza. Mafuta ya kupikia hayafai, ingawa yameshajaribiwa na wengi.

Kwa nyumba yenye mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea, lipo jambo zito kuliko mota. Mei 2021 kampuni ya Peloton ya Marekani iliziita mashine zake za Tread+ zipatazo 125,000 zirudishwe baada ya mtoto mmoja kufariki na taarifa nyingine zaidi ya 70 za watoto, watu wazima na hata wanyama kuvutwa chini yake. Hizo zilikuwa mashine za bei kubwa. Mkanda unavuta kilichoko nyuma yake, na mkono mdogo unaingia haraka kuliko mama anavyoweza kugeuka. Wazo la kukimbia huku mtoto akicheza sakafuni chumba hichohicho lifutwe. Mtoto awe amelala chumba kingine au yuko mikononi mwa mtu. Klipu ya usalama ifungwe kwenye nguo ya anayekimbia, mita mbili nyuma ya mashine ziwe wazi, na mazoezi yakiisha ufunguo uchomolewe na kuwekwa juu ya kabati.

Jumamosi moja wanandoa wetu wanapanda basi hadi Dodoma mjini, zaidi ya kilomita 100, mke akiwa na raba zake kwenye mfuko. Ushauri huo wa raba ni wa bure na hauna mbadala. Mashine mpya ya kwenye tangazo ipo dukani. Anapanda, anafika kilomita 8 kwa saa, na raba inagonga kifuniko cha mbele mara mbili. Muuzaji anasema atazoea. Mume, aliyekuja kwa shingo upande, ndiye anayesema, "Dada, huyu ana urefu wa kawaida tu. Azoee nini?"

Sehemu ya pili wanaikuta iliyotumika, ya gimu, mkanda wa sentimita 145, nzito, kibati kina volti 230. Mke anakimbia dakika 15 nzima: hakuna harufu ya kuungua, mkanda hautelezi mguu unapotua, kifuniko cha mota kina joto la kawaida. Anainua mkanda pembeni na kuuchungulia upande wa chini, haujachakaa. Bei ni milioni moja na laki saba, usafiri mbali. Laki tano hazipo.

Hapa ndipo bajeti nyingi zinapopotea, pale mtu anaporudi kwenye ile ya laki tisa na nusu ili asirudi mikono mitupu. Kununua ya kutembelea kwa ajili ya kukimbia ni kununua mara mbili. Anayetaka kutembea tu apunguze sukari au uzito, hiyo ndogo itamfaa vizuri, na hana sababu ya kulipa zaidi. Anayetaka kilomita 21 asubiri.

Kwenye basi la kurudi ndipo wanapoligusa suala lenyewe.

"Jumamosi na Jumapili mimi niko nyumbani," mume anasema. "Alfajiri hizo mbili mtoto ni wangu."

"Mpaka nirudi? Hata akilia?"

"Hata akilia."

Siku nyingine mbili zinapatikana shuleni. Mwalimu mwenzake naye ana mtoto mchanga na nia hiyohiyo. Jumatatu na Jumatano, saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelegea, wanakutana kwenye uwanja wa mpira wa shule: mmoja anakimbia, mwingine anawashika watoto wawili juu ya mkeka, kisha wanabadilishana. Uwanja wa mita 100 kwa 65 ni mita 330 kwa mzunguko, kwa hiyo mizunguko mitatu ni karibu kilomita moja.

Milioni moja na laki mbili imebaki benki. Mume ameandika kwenye simu yake namba tatu, 140, 2.5 na 230, na kila anaposikia gimu fulani inabadilisha vifaa, anapiga kuuliza.