Sheila Widnall Aliukagua Mlango Aliopitia

Wanawake waliotangulia katika sayansi huandikwa kwa kuhesabiwa nafasi walizokuwa wa kwanza kuzishika, na Sheila Widnall anazo nyingi. Alizaliwa Tacoma, Marekani, mwaka 1938, akasomea uhandisi wa ndege, na mwaka 1964 akawa mwanamke wa kwanza kuwa mhadhiri wa uhandisi katika chuo cha MIT. Mwaka 1993 Rais Clinton alimkabidhi wizara ya Jeshi la Anga, na hakuna mwanamke aliyewahi kabla yake kuongoza tawi lolote la jeshi la nchi hiyo. Nayaheshimu hayo yote. Hata hivyo, naamini jambo kubwa zaidi alilolifanya ni lile lisilotajwa sana: alikipima kipimo chenyewe kinachoamua nani aingie.

Pale MIT, alama za mtihani wa hisabati zilikuwa na uzito mkubwa katika udahili, na wasichana kwa wastani walipata pungufu kidogo kuliko wavulana. Wengi walitosheka na hapo. Widnall alitaka kujua kinachofuata, yaani wasichana hao wakishaingia darasani wanafanyaje. Matokeo ya chuo yalionyesha kuwa walifaulu sawa na wenzao waliowazidi alama mlangoni. Basi mtihani ulikuwa ukiwapunja. Chuo kilibadili namna ya kuzisoma alama hizo, na idadi ya wasichana ikaongezeka.

Wapo watakaosema kuwa huko ni kushusha viwango, na kwamba daraja haliulizi jinsia ya aliyelichora. Hofu hiyo ina haki yake, kwa sababu uhandisi mbovu unaua. Lakini kiwango cha mhandisi hupimwa kwa kazi anayoimudu baada ya kufundishwa, na hicho hakikuguswa hata kidogo. Kilichorekebishwa ni ubashiri ulioonekana kukosea.

Wengine watasema uwaziri ni siasa tu, wala hauhitaji mhandisi. Mimi natazama alichofanya baada ya wizara. Mwaka 2003 chombo cha angani Columbia kilipoteketea na watu saba, Widnall alikuwa mjumbe wa bodi iliyochunguza ajali hiyo. Bodi ilikitaja kipande cha povu kilichogonga bawa la kushoto, kisha ikasema wazi kuwa utamaduni wa kazi ndani ya NASA ulichangia ajali kwa kiasi kilekile. Ni fikra ileile ya udahili: aliyezoea kukagua mfumo mzima haishii kwenye kipande kilichovunjika.

Vyuo vyetu vya uhandisi vina majalada ya alama za kuingilia na za kuhitimia, miaka nenda miaka rudi. Naviomba viyalinganishe, wasichana kwa wavulana, kisha vichapishe matokeo kabla ya kupanga alama za udahili wa mwaka ujao.