Si Mchezo Tu

Mjukuu wangu hujifunza urubani kwa kompyuta. Juzi alikuwa akitua kwa kuongozwa na mitambo kwenye njia namba 13 ya Kai Tak, Hong Kong, uwanja uliofungwa mwaka 1998 lakini ungali umo katika programu yake. Akaweka mwelekeo wa nyuzi 130. Nikamwuliza amezipata wapi. "Babu, si namba ya njia? Naongeza sifuri tu. Huu ni mchezo!"

Nakataa. Namba ya njia hukadiriwa kwa makumi, tena hubadilishwa usumaku wa dunia unaposogea: njia namba 23 ya Stansted, Uingereza, ikawa 22 mwaka 2009. Pale Kai Tak mawimbi ya redio yalielekeza ndege kwa nyuzi 88, kisha rubani akakata kona kulia kwa kutazama nje. Ukiweka 130, mshale wa dira utakuonyesha picha ya uongo. Nyuzi za kweli zimeandikwa katika chati.

Nimefunza walimu miaka mingi, nami najua: azoeaye kubahatisha mchezoni hubahatisha kazini. Kijana, soma chati kwanza.