Shamba Lako Lina Mikarafuu Mingapi?

Ukimwuliza mwanachama wetu ye yote idadi ya mikarafuu yake, hutakosa jawabu. Atakuambia mia mbili, ama mia tatu na kidogo. Lakini ukimwuliza ameipataje hesabu hiyo, hapo ndipo maneno yanapokuwa mengi. Mmoja aliambiwa na marehemu baba yake. Mwingine alizidisha eka zake kwa idadi aliyoisikia kwa jirani. Wa tatu alikisia kwa jicho. Maoni yetu ni kwamba Chama kisipokee tena idadi ya miti isiyotokana na mambo mawili: kipimo cha nafasi baina ya mti na mti, na hesabu ya mapengo.

Jambo hili si la kalamu na karatasi tu. Miche inapotoka bustanini kugawiwa, mwenye mapengo 20 akiomba miche 100, ile 80 hukauka chini ya mwembe, na mwenye mapengo 80 huambiwa kuwa miche imekwisha. Mkarafuu nao hauna haraka. Mche uliopandwa leo hauanzi kuzaa mpaka ipite miaka sita au zaidi. Pengo lililoachwa mwaka huu ni karafuu zilizopunguzwa katika pakacha la watoto wetu. Tena iko habari ya kukodisha. Mtu mwenye shida anapokodisha karafuu zingali mtini, mkodi hupita shambani akihesabu kimya kimya. Mwenye shamba asiyejua idadi ya miti yake huuza kwa jicho la mwenziwe.

Hesabu yenyewe si ngumu. Eka moja ni futi za mraba 43,560. Mkarafuu uliopandwa kwa nafasi ya futi 24 kila upande, yaani pima nne, huchukua futi za mraba 576. Gawa 43,560 kwa 576, utapata mahali pa miti 75 katika eka. Kwa nafasi ya futi 30 utapata 48, na kwa futi 20 utapata 108. Anayepima kwa mita akumbuke kuwa eka ni mita za mraba 4,047. Nafasi ya mita 7 kwa 7 humpa miti 82. Tazama basi jinsi futi chache zinavyogeuza mambo: kutoka nafasi ya futi 20 hadi ya 30, idadi hupungua kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana haifai kuiazima hesabu ya jirani. Huenda babu yake alipanda kwa kamba nyingine.

Makosa tunayoyaona ni manne, nayo yafaa yaelezwe wazi.

Kosa la kwanza ni kuhesabu miti badala ya nafasi. Kutoka mti wa kwanza mpaka wa kumi na moja ziko nafasi 10, si 11. Ikiwa kamba yako imeonyesha futi 240, ukagawa kwa 11, utapata chini ya futi 22, na eka yako itaandikwa miti 91 badala ya 75. Hiyo ni miti 16 isiyokuwapo duniani, nawe utaiombea mbolea. Pima kutoka katikati ya shina hata katikati ya shina, na pahali palipokufa mti pahesabiwe kama mti upo, maana bado ni nafasi.

Kosa la pili ni kupima upande mmoja tu. Mara nyingi nafasi baina ya safu na safu si sawa na nafasi ya mti na mti ndani ya safu. Pima zote mbili, tena mahali patatu mbalimbali, kisha chukua wastani.

La tatu latuhusu sana sisi wenye mashamba ya milimani. Eka hupimwa kana kwamba ardhi ni tambarare, lakini kamba yetu hulala juu ya mteremko. Uko mteremko mkali ambao futi 24 za kamba iliyolala ni kama futi 21 tu za kamba iliyoshikwa sawasawa. Basi aliye chini aiinue kamba mpaka iwe sawa kama maji mtungini, ndipo isomwe.

La nne, nalo ndilo kubwa, ni kudhani kuwa hesabu ya nafasi ndiyo hesabu ya miti. La, hasha! Nafasi hukuambia miti ingeweza kuwa mingapi. Toa kwanza sehemu ya nyumba, njia na bonde la mpunga. Kisha pita safu kadhaa ukihesabu mahali 100, na uandike ni pangapi pana mti hai.

Tuchukue mfano wa kipande cha eka tatu, kama vile vilivyogawiwa kwa wingi baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwenyewe hudai nafasi yake ni 24 kwa 24, kwa hiyo hujiandikia mahali 226. Kamba ikipita yaonekana safu zina futi 27 na miti futi 24, kwa hiyo mahali ni 201. Katika kila mahali 100 ni 70 tu penye mti. Basi miti iliyosimama ni kama 141, na mapengo ni 60. Huyu ahitaji miche 60, na michache ya akiba kwa itakayokufa. Asiombe mia mbili, wala asikae kimya akidhani shamba lake limejaa.

Wako watakaosema kuwa mikarafuu yao haina safu, kwa kuwa mingi ilijiotea yenyewe. Kwao iko njia nyingine. Pima mraba wa futi 66 kila upande, yaani pima kumi na moja. Huo ni sehemu moja ya kumi ya eka. Hesabu miti iliyomo, zidisha kwa 10. Fanya hivyo mahali patatu au panne, penye miti mingi na penye michache, ukatafute wastani.

Wengine watasema, kwa nini tusihesabu mti mmoja mmoja? Kwa shamba dogo twakubali, wala hapana njia iliyo bora kuliko hiyo. Lakini katika shamba kubwa, lenye minazi, miembe na migomba ndani yake, watu wawili wakihesabu huleta idadi mbili. Hapo kipimo cha nafasi huwa shahidi wa tatu.

Wako pia wanaoogopa kuandikwa, kwa hofu kuwa idadi huleta kodi au husuda. Hofu hiyo twaifahamu, na kwa hiyo twapendekeza daftari la kila mwanachama liwe siri baina yake na Chama. Lakini shamba lisiloandikwa halijifichi kwa mkodi wala kwa mwizi. Humficha mwenyewe tu.

Twajua kuwa idadi ya miti si idadi ya karafuu. Mkarafuu huzaa sana mwaka huu ukapumzika mwaka ujao, na mti mzee haulingani na mchanga. Hata hivyo, asiyejua ana miti mingapi hawezi kujua mti wake wamletea nini, wala kama shamba lake lakua au lafifia.

Basi twaomba kila tawi linunue kamba moja, lifunge fundo kila futi tatu, na liizungushe kwa wanachama kabla ya miche ijayo kugawiwa. Atakayepimiwa apewe karatasi yenye nafasi yake, mahali pake na mapengo yake, na miche igawiwe kwa karatasi hiyo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mikarafuu ni mali.